Mzaha wa Mfanyabiashara na Mipaka Yake

Wahenga walinena kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Walinena pia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hizi mbili, ambazo zamani zilitajwa katika mabaraza ya wazee, siku hizi zinafaa kubandikwa juu ya kila simu ya mkononi inayotumiwa kuuzia bidhaa. Maana mfanyabiashara wa leo hajitembezi tena kwa miguu, bali hujitembeza kwa maneno, na maneno anayoyapenda kuliko yote ni yale ya kuchekesha.

Mtu anayetoka katikati ya Jinja na kuelekea kaskazini, akiufuata ukingo wa mashariki wa mto Naili, huingia Budondo, mahali palipokuwa gombolola ya wilaya ya Jinja na ambapo tangu 2020 pamo ndani ya mipaka ya jiji la Jinja. Hapa ndipo yalipokuwa maporomoko mashuhuri ya Bujagali, na mbele zaidi ndipo yalipo maporomoko ya Itanda. Wenyeji ni wakulima, lakini wengi wao, vijana hasa, hupata riziki kutokana na wageni. Miongoni mwao wamo waongozaji wa mashua za mpira zinazoshindana na mikondo ya mto, wenye nyumba za kulala wageni, wapishi, waendesha bodaboda, wauza vinyago na wakaanga chapati.

Kwa watu hawa tangazo la biashara si bango lililopigwa misumari kando ya barabara. Tangazo ni ujumbe wa WhatsApp, picha ya Instagram, au filamu fupi ya TikTok. Wala njia hiyo haijawa nyepesi wakati wote. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetumia mitandao ya kijamii, na kodi hiyo ikaondolewa 2021 na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya malipo ya intaneti. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini, na wenye biashara wakalazimika kutafuta njia nyingine za kuwafikia wateja wao. Neno la mtandaoni, basi, lina gharama. Ndiyo sababu yafaa kuuliza: neno hilo linalolipiwa liwe la namna gani? Je, sauti ya biashara yafaa kuwa na mzaha?

Jibu letu ni kwamba yafaa, lakini kwa sharti. Mzaha ni haki inayotokana na uhusiano. Hakuna mtu, wala duka, wala idara, iwezayo kujipa haki hiyo yenyewe kabla ya kuaminiwa.

MZAHA SI MGENI KWETU

Wapo wanaodhani kwamba desturi ya kampuni kuwachekesha wateja imeletwa na mitandao kutoka Marekani. Dhana hiyo si sahihi. Afrika ya Mashariki imekuwa ikiuza bidhaa kwa maneno ya utani kwa muda mrefu. Ushahidi ni kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa Mombasa 1887, na alama yake ya “Mali ya Abdulla” hujulikana kotekote pwani. Kanga hainunuliwi kwa rangi na maua yake tu. Hununuliwa pia kwa maneno yaliyochapwa juu yake. Mwanamke humpelekea jirani yake kijembe bila kufumbua mdomo, na mwenye duka huuza kijembe hicho pamoja na kitambaa, lakini yeye mwenyewe hamtukani mtu yeyote. Huo ni ufundi mkubwa. Muuzaji humpa mteja maneno ya kuchezea, naye mteja ndiye achaguaye nani wa kumchezea.

Hapa Uganda tunayo rolex. Kila abiria aliyewahi kusimama katika kituo cha mabasi anaijua: mayai yaliyokaangwa na nyanya na vitunguu, yakaviringishwa ndani ya chapati. Jina lenyewe ni utani. Mayai yaliyoviringishwa, yakitajwa kwa Kiingereza na kwa haraka, hufanana na jina la saa ya kifahari itengenezwayo Uswisi. Maskini aliyenunua kifungua kinywa chake kando ya barabara hujigamba kwamba naye ana Rolex yake. Utani huo haumdhalilishi mtu. Humpandisha mnunuzi cheo kwa dakika tano, humtania tajiri kwa mbali, na huacha kila mtu akiwa ameshiba. Ulipendwa mno hata Agosti 2016 tamasha la rolex likafanyika Kampala, na chakula cha kando ya barabara kikawa alama mojawapo ya utalii wa nchi.

Katika Budondo yenyewe mto umepewa majina ya mzaha. Shughuli za mashua za mpira zilipoanza mwaka 1996, waongozaji waliyapa maporomoko majina ya Kiingereza. Moja waliliita The Bad Place, yaani Mahali Pabaya. Jingine waliliita Overtime, kama kwamba aliyekwisha kuchoka alipaswa kupiga kazi ya ziada. Wimbi jingine waliliita Nile Special, kwa jina la bia itengenezwayo Njeru, ng’ambo ya pili ya mto. Mgeni aliyetoka Ulaya alisoma majina hayo, akacheka, akaogopa kidogo, kisha akalipa nauli. Hivyo ndivyo mzaha ufanyavyo kazi katika biashara: huipunguza hofu hata ikawa na kiasi cha kununulika.

WATANI NA WAKWE

Lakini nani ana haki ya kumtania nani? Jamii zetu zililijibu swali hili zamani. Huko Tanzania, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani huweza kuchukua kofia ya mwenzake, kumwita mvivu mbele ya watu, hata kufanya vituko msibani, wala hapana anayekasirika. Si kwamba maneno yake hayaumi. Ni kwamba kila mmoja anajua kesho zamu itageuka. Kwetu Busoga, mjukuu humtania babu yake, na babu humwita mjukuu wake “mume mwenzangu”. Lakini mkwe na mama mkwe hawataniani kamwe. Baina yao kuna heshima ya kukwepana, na mkwe anayefanya mzaha hapo hahesabiwi kuwa mcheshi, bali huhesabiwa kuwa hakulelewa.

Mfano mzuri wa utani huu kuhamia katika biashara kubwa ni vilabu vya mpira vya Dar es Salaam. Yanga iliundwa 1935, na Simba 1936, na tangu zamani huitwa watani wa jadi. Leo vilabu hivi vina wasemaji wanaolipwa mshahara, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kuwatania wapinzani mitandaoni. Yanga ilipoifunga Simba mabao matano kwa moja tarehe 5 Novemba 2023, vidole vitano vilionyeshwa nchi nzima kwa siku nyingi, na kila aliyewapungia mkono rafiki zake wa Simba alishukiwa kuwa anawatania. Mwaka 2021 Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba na bingwa wa kuikejeli Yanga, alihamia Yanga, na kinywa kile kile kikaanza kuikejeli Simba. Washabiki walizomea, wakacheka, wakaendelea kununua jezi. Hapa mzaha hauvunji kitu, kwa kuwa pande mbili zina nguvu sawa, zinajuana, na kila moja ina nafasi ya kujibu.

Basi swali la kwanza ambalo mwenye biashara lazima ajiulize kabla ya kuandika neno la kuchekesha si kama neno lenyewe linachekesha. Ajiulize: mimi kwa mteja huyu ni mtani au ni mkwe? Muuza rolex na mteja wake wa kila asubuhi ni watani. Hospitali na mgonjwa ni wakwe. Benki na mtu ambaye fedha zake hazionekani ni wakwe. Mwongozaji wa mashua na kijana anayetafuta burudani ni watani asubuhi. Lakini mashua ikipinduka na mtu mmoja asionekane, wamekuwa wakwe palepale.

KUKU WALIPOKWISHA NA VIAZI VILIPOKWISHA

Februari 1918 ya vita ilijua njaa ya kweli. Februari 2018 nchini Uingereza ilijua njaa ya kuchekesha. Kampuni ya KFC, inayouza kuku wa kukaanga, ilibadilisha wasafirishaji wake, na utaratibu mpya ukavurugika. Zaidi ya nusu ya migahawa yake, ambayo ilikuwa takriban 900, ilifungwa kwa siku kadhaa kwa sababu moja tu: hapakuwa na kuku. Kampuni ilinunua ukurasa mzima katika magazeti, ikachapa picha ya ndoo yake tupu, na herufi tatu za jina lake zikapangwa upya zikakaribia kuwa neno la tusi la Kiingereza ambalo mtu hulitamka anapojigonga kidole. Chini ya picha yaliandikwa maneno ya kuomba radhi, yakikiri kwamba mgahawa wa kuku usio na kuku ni jambo lisilopendeza. Waingereza walicheka na kusamehe.

Kwa nini walisamehe? Kwa sababu kampuni ilijitusi yenyewe. Haikumtania mteja mwenye njaa, haikumtania dereva, haikusema kwamba kuku walikuwa likizoni. Ilikiri kosa waziwazi, ikasema inalirekebisha, na mzaha ukaja kama chumvi juu ya maneno ya kweli.

Miaka minne baadaye, Januari 2022, jina hilo hilo liliingia katika mtihani jirani zaidi nasi. Migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa na chipsi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuchelewa kwa meli, maana viazi vilitoka ng’ambo. Wakenya walisikia habari hiyo kwa mshangao mkubwa. Nchi inayolima viazi Nyandarua na kwingineko inangoja viazi kwa meli! Wateja waliambiwa wanaweza kubadilishiwa chipsi kwa vyakula vingine, ugali ukiwamo. Mitandaoni ulienea wito wa kuisusa kampuni, na kichekesho chote kikawa mikononi mwa wananchi. Kampuni ikalazimika kueleza utaratibu wake wa kupima ubora wa viazi, na kuahidi kuwatazama wakulima wa nchini.

Tofauti ya visa hivi viwili ni kubwa. London tatizo lilikuwa upungufu, na upungufu huweza kuchekesha. Nairobi tatizo lilikuwa haki: mkulima aliyeachwa nje ya mlango. Hata lau mwandishi wa kampuni angekuwa hodari namna gani wa mzaha, ndoo tupu isingeweza kumjibu mkulima wa Nyandarua. Yeye hakutaka kuchekeshwa, alitaka kununuliwa viazi vyake. Hapana budi mwenye biashara ajifunze kutofautisha malalamiko ya mtu aliyekosa kitu na malalamiko ya mtu aliyedharauliwa. La kwanza huweza kujibiwa kwa tabasamu. La pili hujibiwa kwa kitendo.

SENTENSI MOJA PEKE YAKE

Mitandao ina tabia nyingine ambayo mzungumzaji wa barazani hakuijua. Barazani watu husikia hadithi tangu mwanzo hadi mwisho, huuona uso wa msemaji, na hujua anapokonyeza jicho. Mtandaoni sentensi husafiri peke yake, bila uso, bila sauti, bila sentensi ya pili.

Tarehe 8 Machi 2021, Siku ya Wanawake Duniani, kampuni ya Burger King nchini Uingereza iliandika katika mtandao wa Twitter kwamba mahali pa wanawake ni jikoni. Ujumbe wa pili ulieleza maana: kwamba wapishi wakuu wanawake ni wachache mno, na kwamba kampuni inaanzisha msaada wa masomo ili kuwaongeza. Nia ilikuwa njema. Lakini ujumbe wa kwanza ulisambaa ulimwenguni peke yake, kama mtoto aliyetoka nje bila nguo, na ule wa pili ukabaki nyumbani ukimtafutia shati. Kampuni iliufuta na kuomba radhi siku hiyo hiyo. Fundisho ni rahisi: mzaha unaohitaji maelezo usiandikwe mtandaoni, na mzaha ambao sentensi yake ya kwanza ni tusi utasomwa kama tusi.

Kinyume chake ni kisa cha mwaka 2017 huko Marekani. Kijana mmoja, Carter Wilkerson, aliiuliza kampuni ya Wendy’s ni watu wangapi wausambaze upya ujumbe wake ili apewe vipande vya kuku bure kwa mwaka mzima. Kampuni ikajibu kwa maneno machache: milioni 18. Lilikuwa jibu la utani, kwa maana hapakuwahi kutokea jambo kama hilo. Kijana akalichukua kwa dhati, akawaomba walimwengu, na watu zaidi ya milioni 3.4 wakausambaza ujumbe wake, ikawa rekodi ya wakati huo. Hakufika milioni 18, lakini kampuni ilimpa kuku wake, tena ikatoa dola 100,000 kwa mfuko wa kusaidia watoto wapate wazazi wa kuwalea. Utani ulianza kwa mdomo ukaishia kwa mkono. Mfanyabiashara atakayemtania mteja bila kumpa kitu mwishoni amefanya nusu ya kazi.

MWENYE NGUVU AKICHEKA

Sehemu hii yatuhusu sisi ambao kazi yetu ni kutoa habari za jeshi kwa wananchi, na inazihusu pia idara zote za serikali. Siku hizi nazo zina akaunti, nazo hutaka kupendwa, na vijana wanaoziandikia hushawishika kuiga maduka. Yafaa tuseme waziwazi kwamba duka na dola si kitu kimoja. Mteja asiyefurahishwa na duka huenda duka jingine. Raia hana serikali ya pili mtaani.

Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2020, Kurugenzi ya Upelelezi wa Jinai ilianza kuandika taarifa za kukamatwa kwa watuhumiwa kwa mtindo wa hadithi, wenye maneno ya kuvutia na kejeli nyingi. Wasomaji waliongezeka sana, na wengi waliifurahia mno akaunti hiyo. Hata hivyo wakosoaji waliuliza maswali mazito. Mtuhumiwa ambaye bado hakuhukumiwa, na ambaye nchi nzima imekwisha kumcheka, atapata wapi hakimu asiyewahi kucheka? Na ndugu wa marehemu wanaposoma kisa cha msiba wao kikisimuliwa kwa madaha, wao wacheke wapi? Taarifa iliyosomwa na watu wengi si lazima iwe taarifa iliyotenda haki.

Majeshi nayo yamejikwaa ulimi. Mei 2018 palikuwa na mchezo mitandaoni wa sauti moja iliyorekodiwa, ambayo wengine waliisikia ikitamka Laurel na wengine Yanny. Tarehe 17 mwezi huo Jeshi la Anga la Marekani liliandika kwamba wapiganaji wa Taliban katika mji wa Farah, Afghanistan, wangependelea kuzisikia sauti hizo kuliko mngurumo wa mizinga ya ndege za A-10. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo, kamandi inayosimamia silaha za nyuklia za nchi hiyo ilifanya utani juu ya sherehe za mwaka mpya za New York, ambako tufe kubwa huteremshwa usiku wa manane, ikasema kwamba yenyewe ipo tayari kuangusha kitu kikubwa zaidi. Ujumbe ukaambatana na filamu ya ndege ikidondosha mabomu. Jumbe zote mbili zilifutwa na radhi zikaombwa.

Askari anaelewa kosa hilo kwa haraka kuliko raia. Katika mahandaki watu hutaniana sana, na utani huo ni dawa; bila huo, usiku ni mrefu. Lakini utani wa handaki ni wa wale walio katika hatari moja. Ukitolewa nje na kubandikwa juu ya bendera, haubaki utani, unakuwa kitisho. Kifo kinaweza kutaniwa na anayekikabili, si na anayekituma.

Uganda ina sababu yake ya pekee ya kulielewa jambo hili, nayo ni Kiswahili chenyewe. Katika utawala wa miaka ya 1971 hadi 1979 raia wengi walikisikia Kiswahili usiku, mlangoni au kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Askari wa vizuizini nao walikuwa wakicheka, na kicheko chao kiliogopwa kuliko hasira. Kwa hiyo, ingawa marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe shuleni, wapo wazee ambao bado hushtuka wakikisikia. Idara yoyote yenye silaha inayotaka kumchekesha mzee wa namna hiyo lazima kwanza imwondolee hofu, na hofu haiondolewi kwa kichekesho. Huondolewa kwa miaka mingi ya tabia njema. Mpaka hapo, mzaha pekee unaofaa kwa mwenye nguvu ni ule wa kujicheka mwenyewe.

MTO HAUCHEKI

Turudi Budondo, maana hapa mambo yote tuliyoyataja hukutana ukingoni. Kabla ya bwawa la Bujagali kujaa maji mwishoni mwa 2011, vijana wa huku walikuwa wakijitupa katika maporomoko wakiwa wamekumbatia jerikeni la plastiki, na watalii wakiwalipa kwa kuwatazama. Bwawa hilo, lenye uwezo wa megawati 250, lilizinduliwa Oktoba 2012, na maporomoko yakazama. Bwawa la Isimba, lenye megawati 183, lilizinduliwa Machi 2019 mbele zaidi, na mawimbi mengine yaliyokuwa na majina ya mzaha, likiwamo lile la Nile Special, nayo yakazama. Hata hivyo wengi bado huendelea kupaita Bujagali “kwenye maporomoko”. Mwenye nyumba ya wageni anaweza kuitania hali hiyo kwa haki kamili. Kwa mfano aandike hivi: “Maporomoko yetu yamegeuzwa umeme. Karibu uyatazame yakiwaka kwenye taa ya chumba chako.” Msiba huo ni wake; biashara iliyopata hasara ni yake; naye ndiye mwenye ruhusa ya kuucheka.

Lakini maji yale yale yana wasikilizaji wengine. Mahali palipoitwa Pabaya kwa ajili ya kumfurahisha mgeni, pana mvuvi anayevuka kwa mtumbwi bila koti la kuelea, na pana nyumba zilizowahi kumzika mtu aliyechukuliwa na mto. Katika tangazo la zamani, lililochapwa kwa Kiingereza na kusomwa Ulaya, mjane huyo hakulisoma. Katika simu ya leo analisoma, au mwanawe anamsomea. Mtandao umewaketisha mtalii, mama yake mtalii, mvuvi na mjane kwenye mkeka mmoja. Mzaha juu ya kuzama usiandikwe, hata kama mgeni angeupenda.

Vivyo hivyo juu ya Budhagaali. Kwa Wasoga wengi mahali hapa ni makao ya mizimu, na bwawa lilipokuwa likijengwa ilikuwa lazima zifanyike tambiko za kuihamisha, jambo lililoleta ubishi mkubwa baina ya wenyeji wenyewe. Mfanyabiashara aliyekuja jana asifanye jina hilo kuwa katuni ya kuuzia soda. Mizimu ya watu ni kama mama mkwe. Hupitiwa kando kwa heshima.

Je, baada ya makatazo haya umebaki mzaha gani? Umebaki mwingi. Mwongozaji wa mashua anaweza kuandika: “Koti la kuelea ni lazima kwa wote. Kofia tunazo za kila kipimo. Hapa hata kichwa kigumu hupata kofia.” Maneno hayo yanachekesha, na papo hapo yanaokoa maisha. Mwenye bodaboda anaweza kusema: “Fedha zilitosha ama kwa rangi mpya ama kwa breki mpya. Ndiyo maana pikipiki yetu si nzuri.” Mteja atacheka, kisha atapanda. Mkaanga chapati siku ya mvua aseme: “Mkaa umelowa, mkaangaji amelowa, mayai peke yake ni makavu kwa kuwa yana ganda. Tutafungua saa kumi.” Katika mifano yote mitatu mtaniwaji ni muuzaji mwenyewe, na ndani ya kila utani imo habari ya kweli ambayo mteja anaihitaji: usalama, ubora, au saa ya kufungua.

Sasa tuchukue kwamba mteja amelalamika mbele ya watu wote kuwa alilipa mara mbili kwa simu. Mchekeshaji asiyejua mipaka atajibu: “Fedha zako zimetupenda, hazitaki kurudi.” Watu kumi watacheka, na mia moja watahifadhi fedha zao mbali naye. Mwenye busara ataandika: “Pole sana ndugu. Tumeiona malipo ya pili na tunairudisha sasa hivi.” Fedha zikisha kufika, na mteja akishukuru, hapo ndipo aongeze: “Chapati ya leo ni juu yetu, safari hii usiilipe hata mara moja.” Mzaha ule ule wa kulipa mara mbili umekuwa mtamu kwa sababu ukweli umetangulia na fedha zimerudi.

Jambo la mwisho ni picha. Wapo wanaopiga picha ya mteja aliyeanguka, aliyelowa au aliyelewa, na kuirusha mtandaoni ili watu wacheke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya 2019 inataka mtu aridhie kabla habari zake hazijatumiwa, na sura ya mtu ni yake. Mteja mwenyewe akiomba picha hiyo itumwe, itumwe. Asipoomba, na ibaki mtoni.

Vijana wa Budondo wasiogope kuchekesha. Biashara haigombi, na uso mkunjufu ni mtaji usiolipiwa riba. Wakumbuke tu mpango wake: kwanza kazi iwe njema, kisha ukweli usemwe, kisha kosa litengenezwe, na mzaha uje mwisho. Ukipangwa hivyo, hata siku ambayo hauchekeshi hautamwumiza mtu. Ukitangulizwa mbele, siku moja utamkuta mteja mwenye msiba, naye atakumbuka jina la duka hilo kwa muda mrefu kuliko ambavyo mwenye duka angetaka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.